Fundi Hajaiba

Nyumbani kwetu naitwa Mama Nukta. Jina hilo nilibandikwa na mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba wa mama yetu, nilipojifungua mtoto wangu wa pili. Alinitumia ujumbe: HONGERA DADA KWA KUJIFUNGA. Nikamjibu nikiwa bado kitandani kwamba wanaojifunga ni mabeki, mimi nimejifungua. Alicheka, akausambaza kwa ukoo mzima, na tangu hapo nikiingia penye watu wa kwetu utasikia, "Kaeni vizuri, Mama Nukta huyo, tutapimwa sentensi."

Nafundisha Kiswahili sekondari, na hasira ninazo, sikatai. Mkuu wetu wa shule alituambia kikaoni kwamba sarufi ipunguziwe vipindi, kwa sababu siku hizi simu zinaandika zenyewe. Walimu wenzangu wakapiga makofi. Wanafunzi nao wana wimbo wao mmoja: "Lakini si umeelewa, mwalimu?" Nimeelewa, ndiyo. Hata mbwa akibweka naelewa kwamba mlangoni kuna mtu. Ni nani huyo na amekuja kufanya nini, mbwa hasemi.

Mdogo wangu huyo ana ukurasa wa habari za mitaani, na watu wanamwita Mpasha. Maji yakikatika, Mpasha. Mbuzi kapotea, Mpasha. Mume kafumaniwa, Mpasha ameshafika na simu yake hata kabla ya mke. Anaandika kwa herufi kubwa tupu, bila nukta wala mkato, kama mtu anayepiga kelele huku anakimbia. Na anasomwa! Mwanangu mwenyewe humsoma kabla hajanawa uso. Mama yetu, ambaye hajui hata kuifungua simu yake, huwaambia majirani kwamba mwanawe wa mwisho ni mwandishi. Mimi husema ni mchapaji, na hapo ndipo ugomvi wa mezani huanza.

Sasa, tuna wifi yetu, mjane wa kaka yetu mkubwa. Kwangu ni wifi, kwa Mpasha ni shemeji. Ni fundi cherehani. Kachumba chake kako kwenye safu ya maduka, kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Anashona sare za shule, na msimu wa harusi anashona magauni. Ni mtu mkimya. Hana hata karatasi ya kuandikishia wateja; anakupima, anakumbuka. Mtaji wake haukuwa cherehani. Mtaji wake ulikuwa kwamba mama wa bibi harusi anaweza kumwachia kitambaa kilichotoka ng'ambo, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Asubuhi moja alifika akakuta kofuli limekatwa. Cherehani zake mbili za umeme hazipo. Rafu za vitambaa vya watu zimebaki mbao tupu. Wezi walimwachia ile cherehani kuukuu ya mkono, ya marehemu mama yake, nadhani waliidharau. Wifi hakupiga kelele. Alimpigia Mpasha, akamwambia, "Shemeji, nisaidie. Watangazie watu, huenda mtu akaziona mashine zangu zikiuzwa." Mpasha akaja mbio, hilo nampa. Akamsimamisha mlangoni, akampiga picha ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akaandika hapohapo, kwa kidole gumba kimoja, huku anasalimiana na watu:

HUYU NDIYE FUNDI ALIYEIBA CHEREHANI MBILI NA VITAMBAA VYA WATEJA WAKE WOTE USIKU WA KUAMKIA LEO UKIMUONA TOA TAARIFA HARAKA

Soma tena. Aliyeiba. Alitaka kusema aliyeibiwa. Herufi mbili zimeanguka njiani, na mwenye mali amegeuka mwizi. Na ule mkia wa "ukimuona" aliunakili kutoka kwenye tangazo la mtoto aliyepotea, maana hata kuandika upya kulimchosha. Cherehani huwezi kusema "ukimuona". Cherehani ni "ukiziona". Anayeonwa kwa "ukimuona" ni mtu, na kweli watu wakatoka majumbani mwao kwenda kumtafuta mtu.

Nilikuwa darasani nilipopigiwa na kinyozi. "Mwalimu, acha chaki uje," alisema. "Wifi yako wanataka kumla nyama mbichi."

Nilipofika, mlango wa wifi ulikuwa hauonekani kwa wingi wa watu. Mwanaume mmoja alikuwa anasoma simu kwa sauti kama anahubiri, na kila akifika kwenye "aliyeiba" umati unaitikia. Mama wa bibi harusi alikuwa amevua viatu, kavishika mkononi, analia na kutukana kwa pamoja. "Nilimwamini! Kitambaa cha mwanangu! Kumbe nyoka!" Nikauliza fundi yuko wapi. Kinyozi alinikonyeza kutoka dirishani kwake.

Alikuwa amemficha kwenye kiti cha wateja. Alimfunika lile shuka la kunyolea mpaka shingoni na taulo la moto usoni, ili anayechungulia adhani ni mzee anayesubiri kunyolewa ndevu. Nilipoinua taulo nikaona kilemba hakipo na sikio moja limechanika pale palipokuwa na hereni. Damu ilikuwa imeganda kwenye shingo. Wifi alinitazama, akaniuliza taratibu, kama mwanafunzi ambaye hakulielewa swali la mtihani:

"Wifi, mimi nimeiba nini?"

Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo maishani. Nilikwenda kwa Mpasha kwa miguu, na sikumbuki nilipita njia gani.

Nilimkuta chumbani kwake, kakaa mbele ya taa yake ya duara, anachaji simu mbili. Alinipokea kwa kicheko. "Dada! Umeona? Ile ya shemeji imetembea kuliko zote. Imevuka hata ile ya fumanizi!"

"Futa," nikasema.

"Nifute nini?"

"Umeandika kwamba ameiba."

Akaichukua simu, akasoma, midomo ikitembea. Nikaona ameona. Kisha akainua mabega. "Aa, hilo! Kidole kimeteleza, dada. Kosa dogo la kuchapa. Lakini watu si wameelewa? Picha inaonyesha mlango umevunjwa."

"Wameelewa. Wamemng'oa hereni na sikio lake."

Hapo kicheko kilimwisha, lakini ubishi haukumwisha. Akaanza kunieleza mambo ya ukurasa wake: kwamba akifuta watu watasema anamficha ndugu yake, kwamba tayari imenakiliwa huko na huko, kwamba dunia ya leo inakwenda mbio na haina nafasi ya kusubiri walimu wa lugha wapime irabu. "Nyie mnafikiri lugha ni yenu," alisema. "Sisi tunaitumia. Mtoto wa mtaani hana haja na sarufi, ana haja na habari."

"Asubuhi ulimpigia mama," nikamwambia. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia shemeji kaibiwa."

"Rudia."

"Shemeji kaibiwa. Kwani vipi?"

"Kumbe unaijua!" nikapiga ukelele mpaka mwenye nyumba wake akagonga ukuta. "Mdomo wako haujawahi kukosea neno hilo tangu una miaka mitatu. Ulikuja unalia kwamba umeibiwa mpira, hukusema umeiba mpira. Hakuna aliyekufundisha, ulizaliwa nalo ndani. Sasa usiniambie habari za walimu na sarufi. Hukukosa elimu wewe. Uliona tu kwamba shemeji yako hana thamani ya kusomwa mara ya pili kabla hujabonyeza!"

Kwa mara ya kwanza nilimwona amenywea, nikadhani nimeshinda. "Basi," akasema, "narekebisha sasa hivi mbele yako." Akainamia simu, kidole gumba kikacheza, akabonyeza kabla sijasogea. Kisha akanionyesha kwa fahari:

MAREKEBISHO FUNDI HAJAIBA SAMAHANI KWA USUMBUFU

Jamani. Hajaiba.

Wewe unayesoma hapa unajua, hata kama hukumbuki ulijifunzia wapi. Mgeni hajafika: tandika kitanda, anakuja. Kuku hajataga: subiri. Mvua haijanyesha: anua nguo mapema. Hako ka "ja" ni kaneno ka kungoja. Mtu ambaye hakuiba hakuiba, mambo yamekwisha. Lakini ukiuambia mtaa wenye hasira kwamba fundi "hajaiba", umewaambia wakae mkao wa kusubiri. Na mtaa haukumwangusha. Maoni yalimiminika tukiyaangalia, mimi na yeye, chini ya ile taa yake:

"Asante Mpasha kwa kutujulisha mapema."

"Ataiba lini ili tujipange?"

"Bado hajaiba, kaeni chonjo!"

Na vicheko, mistari kwa mistari ya vicheko. Mpasha mwenyewe alijaribu kujizuia, bega likamtikisika. Nikamzaba kibao. Sijivunii, wala sijutii.

Kufikia kesho yake jina lilikuwa limeshamkaa. Watoto wa shule, waliovaa sare alizowashonea yeye, walipita mlangoni wakiimba, "Fundi Hajaiba! Fundi Hajaiba!" Na wale wasiocheka walikuwa wabaya zaidi: walisimama ng'ambo ya barabara, wakatazama, wakaenda kwa fundi mwingine. Mwenye jengo akaja, amevaa kistaarabu, akakaa kwenye kigoda na kupangusa jasho. "Mimi sina neno na wewe, mama," alimwambia. "Najua wewe ni mtu safi. Ila wapangaji wenzako wanalalamika, biashara zao zinaharibika. Unanielewa." Wifi alisema ameelewa. Nilikuwepo. Neno hilo nilitaka kulitoa kinywani mwake na kulikanyaga.

Nikaenda kwa mama yetu, nikitarajia kwamba walau yeye atamkalisha kitako mwanawe. Akanikalisha mimi. "Mwanangu, punguza jazba," alisema. "Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwenzio kajikwaa kidole tu."

"Mama," nikasema, "wahenga hawakuwa na simu. Siku hizi kidole ndicho ulimi."

Akachezea pindo la kanga yake, kisha akasema nimekuwa mkali kama baba. Huwa anasema hivyo akikosa jibu.

Aliyefanya jambo alikuwa kaka yake wifi, mtu wa kwao, asiye na maneno mengi. Alikwenda kituo cha polisi, akaonyesha tangazo, akaonyesha picha ya lile sikio. Siku iliyofuata Mpasha akaitwa. Afande akamwambia aende akaandike maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe, aeleze ilikuwaje, ayarudishe na sahihi.

Jioni nikasikia hodi. Mpasha mlangoni, kanyoosha shati, mkononi ana karatasi. Hakuniita Mama Nukta. "Dada," alisema, "shikamoo. Naomba uniangalizie hii. Isije ikasomeka vibaya."

Nilikaa mezani nikasoma. Mwandiko mzuri, amejitahidi, hata nukta zipo. Nikafika katikati: *Nilipiga picha ya shemeji yangu baada ya kuiba cherehani na vitambaa, nikairusha ili watu wasaidie kutafuta.*

Nikasoma tena, kwa sauti. Nikamuuliza, "Aliyepiga picha ni nani?"

"Mimi."

"Baada ya kufanya nini?"

Alinyoosha shingo akatazama karatasi. Kosa lilelile, herufi zilezile mbili, ila safari hii zimeangukia mlangoni kwake: kapiga picha, baada ya kuiba. Amekiri wizi kwa mwandiko wake mzuri, na mahali pa sahihi ameshapapigia mstari.

Nikamrudishia. "Ipeleke hivyohivyo," nikasema. "Watu si wataelewa?"

"Dada, usinifanyie hivyo! Hawa ni polisi!" Sauti ilimpasuka. "Polisi hawaelewi, dada. Wanasoma kilichoandikwa."

"Na aliyemng'oa shemeji yako hereni, yeye alisoma nini?"

Aliketi kwenye kochi akashika kichwa kwa mikono miwili, vilevile kama alivyokuwa amemsimamisha wifi kwenye ile picha. Nilitaka kumwonea huruma, nikashindwa. Nilichukua kalamu nyekundu ya shuleni nikazitia herufi mbili mahali pake, maana ni mdogo wangu na sitaki alale ndani kwa kitu asichofanya. Wifi alikosa mtu wa kumfanyia hivyo. Kisha nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni mwangu.

"Utaipata kesho," nikamwambia, "ukishakwenda pale dukani ukasema kwa mdomo. Mbele ya watu, bila simu. Mdomo wako naujua, haukosei."

Alikwenda. Asubuhi, wakati maduka yanafunguliwa, alisimama mbele ya mlango wa wifi, na kinyozi akazima redio ili asikike. Watu wakasogea, wakadhani kuna tukio jipya. Na kweli hakukosea hata neno. "Shemeji yangu aliibiwa," alisema. "Hakuiba. Hajawahi kuiba, wala hakuuza kitambaa cha mtu yeyote. Wezi walivunja mlango, wakamwibia yeye pamoja na ninyi. Mimi niliandika vibaya kwa sababu sikusoma nilichoandika." Kiswahili safi, kimenyooka, kila kiungo mahali pake. Ningempa alama zote. Nilisimama pale na hasira zikanipanda upya, kwa sababu maneno hayo hayakumchukua hata muda wa kunywa chai.

Watu wakasema, "Kumbe!" Wengine wakacheka, wakatawanyika. Yule mama wa bibi harusi alikuwepo. Alimtazama Mpasha juu mpaka chini. "Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo?" alimwambia, akaondoka. Wifi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, na pamba bado iko sikioni. Hakumtupia hata jicho.

Nilimpa Mpasha karatasi yake. Akashukuru, akageuka kumtafuta shemeji yake, na hapo ndipo alipouona mkokoteni.

Ulikuwa umeegeshwa mbele ya duka la vipuri. Juu yake: ile cherehani ya mkono, kigoda, kioo cha wateja kimefungwa kwa shuka, na sanamu la kuvalishia nguo limelazwa chali. Mwenye jengo alikuwa ameshampa chumba mtu wa kuuza vifuniko vya simu. Wifi alikuwa anakwenda kwa kaka yake, mji mwingine, ambako hakuna anayemjua, wala anayemwita Hajaiba.

"Shemeji, subiri," Mpasha alisema. "Nimeshawaambia. Umesikia mwenyewe. Watarudi."

"Nimesikia," wifi alisema. "Umesema vizuri sana."

Alitoa chaki ya fundi mfukoni, ile bapa ya kuchorea vitambaa, akausogelea mlango ambao kofuli lake lilikatwa. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba na asiyependa kufumua alichoshona: FUNDI AMEHAMISHWA.

Mpasha alisoma, midomo ikitembea. Alitaka kusaidia, naamini hivyo mpaka leo. "Shemeji," alisema, "ungeandika tu 'amehama'. Ni fupi, na watu wataelewa."

Wifi alipangusa vumbi la chaki kwenye gauni lake.

"Sikuhama, shemeji," alisema.

Kisha akaibana cherehani yake kwa mkono mmoja isitikisike, akamwambia mwenye mkokoteni waende.